Mabwawa Yaliyofungwa: Historia ya Mazoezi na Moyo wa Mmarekani Mweusi

Kila mwaka ninapofundisha mada ya rangi na dola katika karne ya 20, hakosekani mwanafunzi wa kunyosha mkono na kuuliza: "Mwalimu, ikiwa Waafrika ndio wanaotawala mbio ndefu duniani, imekuwaje Wamarekani weusi waugue shinikizo la damu na maradhi ya moyo wangali vijana, tena kuwazidi wenzao weupe?" Darasa hucheka kidogo, kisha hunyamaza, kwa kuwa kila mmoja anatambua kwamba swali si la mzaha.

Nimelijibu swali hilo kwa mdomo mara nyingi, na kila mara nimeona kuwa kipindi kimoja hakitoshi. Leo nalijibu kwa maandishi. Dai langu ni kwamba pengo la afya ya moyo baina ya Wamarekani weusi na weupe halikuandikwa katika damu. Liliandikwa katika sheria, katika ramani za miji na katika hukumu za mahakama. Sehemu moja ya historia hiyo husahaulika mno, nayo ni historia ya mazoezi: nani aliruhusiwa kutembea, kukimbia na kuogelea, wapi, na kwa hofu ya kiasi gani.

Mioyo iliyochoka mapema

Tuanze na ushahidi. Mnamo 1985 watafiti wa Marekani walianza kuwafuatilia vijana 5,115, weusi na weupe, wenye umri wa miaka 18 hadi 30, katika miji ya Birmingham, Chicago, Minneapolis na Oakland. Utafiti huo unajulikana kwa jina la CARDIA. Idadi ya weusi na ya weupe ilikaribia kulingana, na karibu wote walikuwa vijana wenye afya. Miaka 20 baadaye, washiriki 27 walikuwa wamepatwa na maradhi ya moyo kushindwa kusukuma damu kabla ya kufikia umri wa miaka 50. Kati ya hao 27, weusi walikuwa 26. Wastani wa umri wao wakati maradhi yalipojitokeza ulikuwa miaka 39, umri ambao mtu bado analea watoto wadogo na kulipa kodi ya nyumba. Wengi wao walikuwa wameonyesha dalili ya hatari miaka mingi kabla, hasa shinikizo la juu la damu lisilotibiwa.

Utafiti huo huo uliwapima vijana hao stamina kwa kuwatembeza na kuwakimbiza juu ya mashine hadi wachoke. Ripoti iliyotolewa mwaka 2003 ilionyesha kuwa waliokuwa na stamina ndogo ujanani walikuwa na uwezekano wa mara 3 hadi 6 zaidi wa kupata kisukari, shinikizo la damu na maradhi yanayofuatana nayo, wakilinganishwa na wenye stamina kubwa.

Sababu yake inaeleweka. Mtu akimbiapo, mapigo ya moyo hupanda, damu hupita kwa kasi, na utandu wa ndani wa mishipa hutoa naitriki oksidi, gesi inayoilegeza mishipa ipanuke. Akipumzika, shinikizo hushuka, mara nyingi chini ya kiwango alichoanza nacho. Akirudia hivyo wiki baada ya wiki, moyo huzoea kusukuma damu nyingi kwa mapigo machache, na mishipa hubaki laini. Vipimo vya maabara vimeonyesha kwamba mishipa ya vijana weusi wa Marekani, hata wale wasio na ugonjwa wowote, kwa wastani hupanuka kidogo kuliko ya wenzao weupe na huanza kukakamaa mapema. Mazoezi ya ustahimilivu, yaani kutembea kwa kasi, kukimbia, kuogelea na kuendesha baiskeli kwa muda mrefu, ni miongoni mwa dawa chache zinazoigusa kasoro hiyo moja kwa moja.

Ukiishia hapo, utahitimisha kama wahitimishavyo wengi: basi wakimbie! Lakini mwanahistoria hawezi kuishia hapo. Ni lazima aulize kwanza kasoro hiyo ilitoka wapi, kisha aulize wangekimbilia wapi.

Je, ni damu ya Afrika?

Mwaka 1991 Thomas Wilson na Clarence Grim walitangaza nadharia iliyopata umaarufu mkubwa. Walidai kwamba katika safari ya kuvuka Atlantiki watumwa wengi walikufa kwa kupoteza chumvi na maji kwa jasho, kutapika na kuhara; kwamba walionusurika ni wale ambao miili yao ilishikilia chumvi; na kwamba vizazi vyao vimerithi tabia hiyo, ambayo leo huleta shinikizo la damu. Nadharia hii inavutia kwa sababu inataja utumwa, na kwa hiyo huonekana kana kwamba inauhukumu. Kumbe inausamehe wakati uliofuata: inalifungia kosa ndani ya meli za karne ya 18 na kuwaachilia huru wote waliokuja baadaye.

Mwaka uliofuata Philip Curtin, mmoja wa wanahistoria wakubwa wa biashara ya utumwa, aliijibu. Alionyesha kuwa kumbukumbu za kihistoria haziungi mkono madai ya uhaba wa chumvi Afrika Magharibi, wala kwamba kupotea kwa chumvi ndiko kulikokuwa chanzo kikuu cha vifo melini. Mwaka 1997 kundi la watafiti lililoongozwa na Richard Cooper likaleta takwimu zenye uzito zaidi. Walipima shinikizo la damu kwa njia moja miongoni mwa watu wenye asili ya Afrika Magharibi waishio mahali mbalimbali. Nchini Nigeria na Kamerun, waliokuwa na shinikizo la juu ni asilimia 16. Katika visiwa vya Karibi, asilimia 26. Katika mji wa Maywood, karibu na Chicago, asilimia 33. Asili ni moja, viwango ni vitatu. Miaka michache baadaye ulinganisho mwingine ulionyesha kuwa Wajerumani na Wafini, watu weupe, walikuwa na viwango vya juu kuliko vya Wamarekani weusi. Kama rangi ndiyo chanzo, basi Wajerumani wana deni la maelezo.

Mwili mweusi na kalamu ya daktari

Imani kwamba mwili mweusi una kasoro yake ya kuzaliwa ina historia ndefu, na historia hiyo ilihusu mbio na pumzi tangu mwanzo. Mwaka 1851 Samuel Cartwright, daktari wa Louisiana, alichapisha ripoti kuhusu kile alichokiita maradhi ya watu weusi. Humo aliupa jina la kitabibu ugonjwa aliodai unawafanya watumwa watoroke. Yaani mtu mweusi aliyekimbia kwa hiari yake alikuwa mgonjwa. Daktari huyo huyo alidai kuwa mapafu ya watu weusi yana upungufu, na kwamba kazi ngumu chini ya bwana ndiyo inayowatia hewa na kuisafisha damu yao. Hivyo shuruti ikaitwa tiba, na hiari ikaitwa maradhi.

Mambo yenyewe yalikataa kuitii nadharia. Mwezi Aprili 1880, katika ukumbi wa Madison Square Garden mjini New York, kijana mweusi mzaliwa wa Haiti aitwaye Frank Hart alishinda shindano la siku sita la kwenda kwa miguu. Alikwenda maili 565, zaidi ya kilomita 900, na kuweka rekodi ya dunia. Lakini kadiri ubaguzi ulivyokazwa kisheria katika miongo iliyofuata, milango ya michezo ya aina hiyo ilizidi kufungwa kwa weusi, na kumbukumbu ya Hart ikafifia.

Jesse Owens aliposhinda medali nne za dhahabu Berlin mwaka 1936, maelezo yalibadilishwa. Sasa ilisemwa kwamba weusi wana maumbile ya mbio fupi, ilhali mbio ndefu, zinazodai subira na akili, ni za weupe. Mwaka huo huo Montague Cobb, daktari na mtaalamu wa anatomia wa Chuo Kikuu cha Howard, aliipima miguu ya Owens na kuandika kwamba haikuwa na maumbile yale yaliyodaiwa kuwa ya "mtu mweusi". Hoja yake haikusikilizwa sana.

Ted Corbitt, mjukuu wa watumwa aliyezaliwa South Carolina mwaka 1919, alikuta hali hiyo. Alipokuwa mwanafunzi huko Ohio, yapo mashindano aliyozuiwa kushiriki kwa sababu weupe walikataa kushindana naye. Alihamia New York, akajiunga na klabu ya Pioneer, iliyoanzishwa na weusi wa Harlem mwaka 1936 na kufungua milango kwa watu wa rangi zote. Mwaka 1952 akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kuiwakilisha nchi yake katika marathoni ya Olimpiki, huko Helsinki. Mwaka 1958 alichaguliwa rais wa kwanza wa chama cha wakimbiaji wa barabarani cha New York, ambacho leo huandaa marathoni mashuhuri ya jiji hilo. Kwa hiyo mbio za barabarani za Marekani zina baba mweusi, ingawa mtu anayezitazama leo hawezi kulijua hilo.

Hapa ndipo Afrika Mashariki inapoingia katika simulizi. Abebe Bikila wa Ethiopia aliposhinda marathoni ya Roma mwaka 1960, na Kipchoge Keino wa Kenya aliposhinda mita 1500 Mexico mwaka 1968, imani ya kwamba weusi hawawezi mbio ndefu iliporomoka. Badala ya kukiri kosa, wengi waligeuza kauli tu: kumbe weusi wamezaliwa kwa ajili ya mbio ndefu! Swali la mwanafunzi wangu ni kitukuu cha kauli hiyo.

Sayansi ilifungua, dola ikafunga

Sasa tuziweke tarehe mbili mbili, moja kando ya nyingine.

Mwaka 1953, jijini London, Jeremy Morris na wenzake walichapisha uchunguzi uliobadilisha elimu ya tiba. Waliwalinganisha madereva wa mabasi ya ghorofa, waliokaa kitako kutwa nzima, na makondakta, waliopanda na kushuka ngazi. Makondakta walipatwa na maradhi ya moyo kwa kiwango kidogo zaidi. Huo ulikuwa mwanzo wa ushahidi wa kisayansi kwamba mwendo hulinda moyo. Miaka miwili baadaye, Desemba 1955, weusi wa Montgomery, Alabama, walisusia mabasi ya kibaguzi. Kwa siku 381 wengi wao walikwenda kazini na kurudi kwa miguu, wazee kwa vijana, mvua na jua. Mahakama iliwapa haki ya viti vya mabasi. Lakini weusi walipokwenda mahakamani kudai pia kwamba bustani za umma za mji huo zifunguliwe kwa wote, Halmashauri ya Montgomery ilizifunga zote mwaka 1959, na hazikufunguliwa tena hadi 1965. Watu waliouonyesha ulimwengu nguvu ya miguu yao walinyimwa mahali pa kuinyoosha.

Pwani ya Mississippi hadithi ilikuwa ile ile. Mnamo Mei 1959 daktari mweusi wa Biloxi, Gilbert Mason, aliingia baharini na wenzake, wakiwamo watoto, katika ufuo uliotengewa weupe. Polisi waliwafukuza. Aprili 1960 walirudi wakiwa wengi zaidi, na kundi la weupe likawashambulia kwa fimbo na minyororo. Ufuo huo haukufunguliwa kwa wote hadi 1968. Daktari huyo alijua alichokitaka: kuogelea ni afya, na bahari haikujengwa na mtu.

Mwaka huo wa 1968 daktari wa jeshi la anga, Kenneth Cooper, alitoa kitabu chake kuhusu mazoezi ya aerobiki, na Wamarekani kwa maelfu wakaanza kukimbia asubuhi. Walikimbia wapi? Katika vitongoji vyenye miti na njia za miguu, vilivyojengwa kwa mikopo ya nyumba iliyodhaminiwa na serikali, mikopo ambayo kwa miongo kadhaa weusi walinyimwa kwa ramani zilizochorwa mistari myekundu. Mitaa yao wenyewe, kama Overtown huko Miami na Rondo huko St. Paul, ilipasuliwa na barabara kuu za magari.

Kisha ikaja Jackson, mji mkuu wa Mississippi. Mji huo ulikuwa na mabwawa matano ya umma ya kuogelea: manne ya weupe, moja la weusi. Mahakama ilipoharamisha utengano huo, viongozi wa mji waliamua kuyafunga badala ya kuwaruhusu watoto wa rangi mbili waogelee maji mamoja. Weusi walishtaki. Mwezi Juni 1971 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilihukumu kwamba mji haukuvunja katiba, kwa kuwa bwawa lililofungwa limefungwa kwa wote. Lakini mweupe mwenye uwezo alikuwa na klabu yake binafsi na bwawa nyuma ya nyumba. Mtoto mweusi alikuwa na jua la Mississippi.

Mwaka 2000, katika mji huo huo wa Jackson, ulianzishwa utafiti mkubwa kuliko wote kuhusu maradhi ya moyo ya Wamarekani weusi, wenye washiriki zaidi ya 5,300. Wengi wa washiriki hao walikuwa watoto au vijana katika miaka ambayo mabwawa yalifungwa. Kuna kitu kinachoniuma ninapoisoma historia hii: dola iliyofunga mahali pa mazoezi ilirudi miaka 30 baadaye kuwapima wananchi wake kwa nini mioyo yao ni dhaifu. Naheshimu utafiti huo na watafiti wake, wengi wao weusi. Lakini tarehe hizo mbili lazima zisomwe pamoja.

Ustahimilivu wa aina mbili

Watu weusi wa Marekani wana shujaa wa simulizi aitwaye John Henry, mfanyakazi wa reli aliyeshindana na mashine ya mvuke kutoboa mwamba. Aliishinda mashine, akaanguka, akafa na nyundo mkononi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mtafiti mweusi Sherman James alikutana na mkulima mmoja mstaafu wa North Carolina ambaye, kwa sadfa, naye aliitwa John Henry. Mkulima huyo alizaliwa fukara, akajifunza kusoma mwenyewe, akajikomboa kutoka kilimo cha kupanga ardhi ya wengine, akanunua ekari 75. Alipofika miaka ya hamsini alikuwa na shinikizo la damu na vidonda vya tumbo vikali mno. Kutokana na maisha hayo James aliunda dhana aliyoipa jina la shujaa yule: hali ya mtu kupambana na vikwazo vikubwa kwa juhudi isiyokoma, bila rasilimali za kutosha, hadi mwili unalipa gharama.

Lugha yetu inatumia neno moja, ustahimilivu, kwa mambo mawili: kustahimili mwendo na kustahimili madhila. Moyo hauyachukulii kuwa jambo moja. Ustahimilivu wa mkimbiaji ni wa hiari, una mwanzo na mwisho, na pumziko lake ndilo linalomjenga. Ustahimilivu wa anayebaguliwa hauna mstari wa kumalizia. Si ajabu basi kwamba vipimo vya saa 24 vimeonyesha kuwa shinikizo la damu la Wamarekani weusi kwa wastani hushuka usiku kwa kiasi kidogo kuliko la weupe. Hata usingizini mwili unabaki zamu. Tunapenda kusema kuwa mvumilivu hula mbivu. Historia hii inatufundisha kuuliza ni nani aliyeupanda mti, na ni nani anayekula wakati mwingine anavumilia.

Mazoezi yenyewe yanaweza kugeuzwa kuwa madhila. Tarehe 23 Februari 2020, Ahmaud Arbery, kijana wa miaka 25, alikuwa akikimbia katika kitongoji kimoja cha Georgia. Watu weupe walimfuatia kwa magari, na mmoja wao akampiga risasi na kumwua. Watatu walitiwa hatiani kwa mauaji mwaka 2021. Daktari anayemwandikia kijana mweusi dakika 150 za mazoezi kwa wiki hana budi kujua kwamba anamwandikia pia barabara, na barabara ina historia.

Yaliyofaa

Je, pengo hili linazibika? Ushahidi unasema ndiyo. Wale vijana wa CARDIA walipofuatiliwa kwa miaka 25, ilibainika kuwa weusi waliohama moja kwa moja kutoka mitaa yenye utengano mkali wa rangi shinikizo lao la damu lilishuka kwa milimita 3 hadi 5 za zebaki. Jeni zao hazikubadilika. Ni anwani zilizobadilika. Huko Los Angeles, Ronald Victor na wenzake waliwapeleka wafamasia katika vinyozi 52 vya weusi, mahali ambapo wanaume huaminiana. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kuwa katika miezi 6 shinikizo la wateja waliotibiwa hapo lilishuka kwa wastani wa milimita 27, ilhali wenzao walioshauriwa tu waende kwa daktari lilishuka kwa 9. Na tangu 2010 wanawake weusi wamekuwa wakitembea pamoja katika harakati iitwayo GirlTrek, wakijua wazi kwamba wanafuata nyayo za mama zao wa Montgomery.

Mambo hayo matatu yanalingana kwa jambo moja: hakuna hata moja lililoanza kwa kumlaumu mgonjwa. Kila moja lilibadilisha mahali, kisha mwili ukafuata.

Mtumishi wa umma unayesoma makala haya, huenda kesho utaletewa faili la kubadilisha matumizi ya uwanja wa mtaa, au mchoro wa barabara usio na njia ya waendao kwa miguu. Hutaona neno moyo popote katika faili hilo. Halmashauri ya Jackson nayo haikuliona. Ilidhani inajadili mabwawa.

Na mwanafunzi wangu wa mwaka ujao atakaponyosha mkono, nitamwomba kwanza abadilishe swali lake. Asiniulize kwa nini weusi huugua. Aniulize mabwawa ya Jackson yalifungwa na nani, na waliokuwa watoto siku hiyo wana umri gani leo.